Utani wa upande mmoja

Katika kipindi chote nilichofundisha sekondari za bweni, kwanza Iringa na sasa Mbeya, utetezi ninaousikia zaidi kutoka kwa mwanafunzi aliyemtesa mwenzake ni kwamba walikuwa wanataniana tu. Utetezi huo una uzito huku kwetu, kwa sababu utani ni jambo la heshima: Mhehe na Mngoni huweza kurushiana maneno makali hata msibani na asitokee wa kununa. Lakini mtani hujibiwa, tena mbele ya watu walewale. Njuka wa kidato cha kwanza anayebandikwa jina la kumdhalilisha na vijana wa kidato cha tatu hathubutu kurudisha neno. Dan Olweus, aliyeanza kuchunguza uonevu wa shuleni huko Skandinavia katika miaka ya 1970, aliutambua kwa alama tatu: nia ya kuumiza, kurudiwarudiwa, na tofauti ya nguvu kati ya wahusika. Mimi huanza na hiyo ya tatu.

Bwenini, uonevu hujificha katika vitu vya kawaida, na baridi ya Juni na Julai huuzidisha. Anayeonewa huchota maji ya wenzake alfajiri, ndoo yake ya maji ya moto huogwa na mwingine, na blanketi aliloletewa na mama yake humfunika mtu wa kitanda cha jirani. Mzazi akimuuliza moja kwa moja kama anaonewa, atakana, maana kukubali ni kujitangaza mnyonge na kutaja majina ni kuitwa mnoko. Muulize habari za vitu na watu: blanketi liko wapi, sabuni iliisha lini, anakaa na nani wakati wa chakula. Majibu hayo husema mengi.

Kwa kuwa wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu shuleni, wazazi wengi hudhani kwamba uonevu wa mtandaoni hauwahusu, ilhali hufanyika likizo kisha hurudi bwenini pamoja na masanduku. Msichana mmoja alipigwa picha akiwa amelala kwao, ikazungushwa katika kundi la WhatsApp ikiwa na maneno machafu, na shule ilipofunguliwa bweni zima lilikwishaiona. Mama yake alitaka kuingia katika kundi lile awatukane wote (na ninamwelewa), lakini matusi yake yangegeuka kuwa ushahidi dhidi yake.

Nilimshauri asifute chochote, apige picha za skrini zinazoonyesha namba na tarehe, amwombe msimamizi wa kundi aiondoe ile picha, na baada ya hapo ndipo azuie namba zile. Kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinakataza kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumtesa kihisia, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Watoto wenyewe wanaweza kupiga 116 bila malipo, na kwa mambo mazito lipo Dawati la Jinsia na Watoto la polisi.

Kwa shule, andika barua yenye tarehe na matukio, ubaki na nakala, kwa sababu malalamiko ya mdomo husahaulika mapema. Wala usikubali suluhu ya kuwapandisha watoto wote wawili mbele ya paredi wapeane mikono. Nimeiona ikifanyika mara nyingi, na aliyeonewa hutoka pale akiwa ameaibishwa upya, huku mwenzake akipata sifa ya kuogopwa. Ombeni watenganishwe vyumba, mzazi wa mwonevu aitwe peke yake, na matroni au patroni amfuatilie mtoto wenu hadi muhula uishe, hasa usiku baada ya taa kuzimwa.