Ukisema ukumbi, fundi ameelewa nini?

Tulipoanza kujenga Kigamboni, neno moja lilitupotezea wiki mbili na tofali za kutosha kujengea choo. Neno lenyewe ni ukumbi.

Mimi nimelelewa Ngamiani, Tanga, katika nyumba ya Kiswahili. Baraza mbele, kisha mlango, kisha ukumbi unaonyooka mpaka mlango wa nyuma, vyumba vitatu huku na vitatu huku, halafu unatokea uani penye jiko na choo. Mume wangu amekulia Bukoba, na kwake ukumbi ni pahali papana pa kukusanyia watu, kama ukumbi wa harusi. Alikuwa ameona mtandaoni picha za nyumba ambazo sebule, meza ya chakula na jiko viko pamoja bila ukuta hata mmoja, akazipenda, nami nikazipenda. Ramani ilikuwa bado kwa mchoraji na masika yalikuwa yanakaribia, basi tukampigia fundi simu: anza msingi, katikati weka ukumbi mkubwa. Fundi wetu ni mzee wa Pwani. Tulipofika Jumamosi tukakuta korido ndefu ya mita mbili, imejengewa msingi pande zote mbili kwa ustadi kabisa. Alifuata neno kama anavyolijua yeye, na kwa mtu wa Pwani hakukosea.

Tangu siku hiyo, mtu akiniomba ushauri kuhusu nyumba ya wazi namwambia aanze na maneno kabla ya tofali. Usimwambie fundi “sebule” ukanyamaza. Sema makochi ya watu sita yatakaa hapa, meza ya watu wanane hapa, jiko la gesi ukuta huu, na katikati yao hapajengwi kitu. Andika vipimo. Sebule, ukumbi, dainingi, varanda, “openi kicheni”: kila mmoja wetu ana picha yake kichwani, kutokana na nyumba aliyokulia.

Nyumba ikaisha, tukahamia, na hapo ndipo nilipoanza kuelewa kazi ya kuta za mama yangu. Ngamiani jirani alipiga hodi barazani na mara nyingi mazungumzo yaliishia hapo hapo barazani. Ukumbini waliingia jamaa. Uani palikuwa pa wanawake wa nyumba na waliowazoea. Hodi moja haikukufikisha kote. Kwetu Kigamboni mgeni akifunguliwa mlango tu, macho yake yanafika kwenye sinki na vyombo vya jana. Jioni moja mume wangu alikuja na wazee wawili wa msikitini bila taarifa. Nilikuwa jikoni nimejifunga kanga tu, na njia ya kwenda vyumbani inapita mbele ya makochi. Nilisimama nyuma ya kaunta mpaka walipotoka kuswali magharibi. Niliumia sana siku ile, na sikuwa na wa kumlaumu, maana ramani tuliipitisha wenyewe.

Kwa hiyo, kama bado uko kwenye karatasi, chukua kalamu uchore njia kutoka jikoni hadi chumbani kwako, na nyingine kutoka mlango wa mbele hadi kwenye kochi la wageni. Njia hizo zikikatana, mwombe mchoraji asogeze mlango. Kwenye karatasi ni kufuta mstari.

Kuna watu husema nafasi ya wazi si ya kwetu, ni mambo ya Ulaya. Sikubaliani nao. Nyumba kongwe za mawe za Lamu zina misana, sehemu ndefu zinazofuatana kutoka kiwandani, ule uwanja wa katikati: msana wa tini (yaani wa chini), kisha msana wa yuu (wa juu), ndipo unafika ndani. Msana wa tini uko wazi kwa kiwanda. Ukiingia zaidi, sakafu inapanda kidogo, na kwa kupanda huko unajua umefika kwa nani. Mgeni wa kulala alipewa chumba kiitwacho sabule, mbali na misana. Na huko Marekani, msanifu majengo Frank Lloyd Wright katika nyumba ya Robie mjini Chicago, iliyokamilika 1910, aliunganisha sebule na mahali pa kulia, lakini katikati alisimamisha pahali pa moto na dohani yake, na jiko akalipeleka upande wa nyuma pamoja na vyumba vya watumishi. Picha za mtandaoni hazikutuonyesha hilo.

Sisi hatukupandisha sakafu kwa kidato kama Lamu, kwa sababu mama mkwe anatembea kwa mkongojo. Tulibadilisha marumaru: nyeupe sebuleni, za rangi ya udongo mahali pa kulia. Juu ya meza tukashusha dari la jipsamu kidogo na kuning'iniza taa moja. Kati ya jiko na makochi tukasimamisha kabati la vitabu linalofika kifuani, na pazia zito kando yake. Watoto wenyewe wameacha kupeleka mipira upande wa meza.

Harufu ndiyo iliyotushinda. Pika mchuzi wa papa mkavu mara moja tu, mito ya makochi itakukumbusha wiki nzima, na pangaboi badala ya kusaidia hueneza mafuta mpaka kwenye mapazia. Feni ya kutolea moshi tuliyofunga mwanzoni ilikuwa inavuta hewa na kuirudisha humo humo, kwa sababu hakuna aliyetoboa ukuta. Hakikisha bomba linatoka nje. Hata hivyo, kwa mapishi yetu sisi, nakushauri kabisa: jenga jiko la pili nyuma, hata kama ni banda la bati lenye jiko la mkaa na sinki. Sisi tulijenga, na mama alipokuja kutoka Tanga alilizunguka banda letu, akavuta kigoda, akasema, “Haya, kumbe uani mnapo.”

Ukiwa na nyumba ya zamani na unataka kuvunja ukuta, panda kwanza darini uone kenchi, zile mbao zinazobeba paa, zimekalia wapi. Ukuta uliobeba kenchi hauguswi mpaka mhandisi aseme boriti gani ya zege itachukua mzigo. Fundi akikuambia “utavumilia tu”, tafuta mwingine.

Na wewe mpangaji, dalali akikutangazia “sebule kubwa”, mara nyingi amehesabu humo humo dainingi na jiko. Usimuulize ukubwa. Muulize: nikikaanga samaki, nafunga mlango upi?