Kwa nini kisanduku cha AVEC kinapunguka siku ya kugawana

Mama, kama pale Walungu (Kivu ya Kusini, Kongo) mumefungua kisanduku cha AVEC, kile kikundi chenu cha kuweka na kukopeshana pesa, na pesa haikutosha, musikimbilie kusema kuna mwizi. Mara nyingi ni mikopo iliyotolewa mwishoni, haijarudi bado. Munagawana mwisho wa Agosti (muda mzuri, masomo na kulima vinaanza Septemba)? Basi mkopo wa miezi mitatu wa mwisho utoke Aprili, Agosti ibaki ya kulipisha tu.

Hesabu: pesa yote, ukiondoa ile ya msaada (ya kusaidia wenye shida), igawanywe kwa idadi ya hisa, si ya watu. Hisa moja ni franka 1.000, jumla hisa 2.400, kisanduku kina 2.880.000: kila hisa inarudi na 1.200. Mwenye hisa 100 anabeba 120.000. Mwenye deni anakatwa deni lake hapo hapo, mbele ya wote.

Funguo tatu zikae kwa watu watatu wa nyumba tofauti, sanduku kwa wa nne. Bwana na bibi wakishika mbili, kufuli hizo ni mapambo. Na mukiweka kwa franka, musikopeshe kwa dola; siku ya kulipa mutagombana juu ya taux (bei ya kubadilisha dola).