Harufu ya oili iliyoungua kwenye Forester ya turbo

SWALI: Ndugu Mhariri, nina Subaru Forester ya mwaka 2004 yenye turbo. Nikitoka Morogoro kwenda Dar es Salaam safari huwa shwari, lakini nikikwama kwenye foleni ya Kimara harufu ya oili iliyoungua hujaa ndani ya gari. Ekzosi haitoi moshi. Fundi anasema turbo imekufa, ninunue nyingine. Je, nimsikilize?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Usinunue turbo bado, ndugu msomaji; hiyo ni feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili kuisukumia injini hewa. Oili inayopenya kwenye sili za turbo, yaani vizuizi vya uvujaji, huingia katika njia ya hewa au katika ekzosi, na kwa kawaida ungeona moshi wa buluu, hasa unapokanyaga mafuta baada ya gari kusimama kwa muda likiunguruma. Dalili zako zinaonyesha oili inayovuja nje na kudondokea chuma cha moto. Gari likiwa katika mwendo, upepo huupeleka mvuke wake nyuma. Likisimama, mvuke hupanda chini ya boneti na kuvutwa na tundu la hewa lililo chini ya kioo cha mbele. Ukiwa kwenye foleni, bonyeza kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani: harufu ikipungua, yaelekea inaingia kutoka chini ya boneti.

Injini yako ni ya boksa, yaani silinda zake zimelala, mbili kila upande, hivyo vifuniko vya tapeti vinatazama pembeni na mabomba ya ekzosi yanapita chini yake. Gasketi za vifuniko hivyo hukakamaa kwa joto na umri, oili hukusanyika kwenye ukingo wa chini, na matone machache tu yakiangukia bomba yanatosha kulijaza gari harufu. Mimi ningeanzia hapo. Plagi zikichomolewa na visima vyake, yaani matundu zinamokaa, vikakutwa na oili, sili za visima zibadilishwe pamoja na gasketi.

Kisha itazamwe turbo yenyewe, iliyo nyuma upande wa kulia. Oili ikishalainisha shafti yake, yaani mhimili unaobeba mapanga ya feni, hushuka kupitia hosi fupi ya mpira hadi kwenye silinda hedi, na hosi hiyo hukauka na kupasuka. Fundi anayeona oili chini ya turbo huilaumu turbo, kumbe hosi ndiyo inayovuja. Asiisahau pia buti ya mpira ya ekseli ya mbele kulia, yaani mfuko unaohifadhi grisi, upande wa ndani: ikichanika hurusha grisi kwenye ekzosi, na harufu yake huwachanganya hata mafundi wazoefu.

Mwombe aoshe injini, uendeshe siku mbili, kisha amulike kwa tochi na kutafuta sehemu ya juu kabisa yenye unyevu, kwa kuwa oili hutiririka na tone huanguka mbali na lilikotoka. Kama oili imebadilishwa karibuni, huenda ni ile iliyomwagika wakati filta inafunguliwa katikati ya mabomba, nayo huungua ikaisha yenyewe. Wakati huo wote pima oili kwa stiki gari likiwa kwenye tambarare, na ukiona moshi unafuka chini ya boneti simama uzime injini, kwa sababu oili juu ya ekzosi yaweza kushika moto.

Ukitaka uhakika kuhusu turbo, hosi ya hewa ifunguliwe na shafti ishikwe kwa vidole injini ikiwa imepoa. Kucheza kidogo pembeni ni kawaida, na utando mwembamba wa oili ndani ya hosi pia ni kawaida; shafti ikienda mbele na nyuma, au mapanga yakigusa ukuta, turbo imechoka kweli. Hata hapo, kabla ya kufunga mpya, vali ya PCV, inayotoa gesi zinazojikusanya ndani ya injini, ikaguliwe, maana ikiziba, shinikizo la ndani ya injini huisukuma oili kupita sili, na kichujio kidogo cha wavu kwenye bolti ya bomba linaloleta oili kisafishwe au kibadilishwe, kwa kuwa kikiziba, turbo mpya itakosa oili na kufa kama ile ya kwanza.