Mnara wa Walinzi wa Moto: Panda Kidogo, Tazama Sana

Watu wakiniuliza waanzie wapi kupanda milima katika jimbo la Washington, kule kaskazini-magharibi mwa Marekani, siwaelekezi Rainier, mlima mrefu kuliko yote jimboni humo. Nawaelekeza Heybrook. Ukikilinganisha na majirani zake, hicho ni kilima tu. Njia yake ni kama kilomita 2 kwenda na 2 kurudi, na inapanda mita 260 hivi. Asiye na mazoezi yoyote atafika juu kwa saa moja na ushee, hata akisimama kuvuta pumzi kila kona. Huko juu umesimama mnara wa mbao wa futi 67, yaani mita 20 hivi, uliowekwa pale ili mtu akae akitafuta moshi katika misitu ya bonde la mto Skykomish.

Ninalosisitiza ni moja. Njia ikiwa fupi hivi, muda wako utumie juu. Wengi hupanda mbio, wakapiga picha, wakashuka kabla jasho halijakauka, kisha wakasema walikuta "mandhari nzuri". Mimi nasema ukipanda kwa saa moja, kaa juu saa mbili.

Kuhusu njia yenyewe sina mengi. Inaanzia pembeni kabisa mwa barabara kuu namba 2, mashariki kidogo ya kijiji cha Index, na magari huegeshwa kando ya lami. Wikendi nafasi huisha mapema, na magari yanayopita hapo hayana huruma, kwa hiyo mtoto ashikwe mkono tangu mlango wa gari ufunguliwe. Dakika kumi za mwanzo bado utasikia malori. Halafu msitu unayameza: miti mirefu iliyonyooka, magogo yaliyovikwa kuvumwani, kangaga pande zote, na njia inayopinda huku na huku ikiukwea mteremko. Mizizi na mawe huteleza, maana upande huu wa milima ya Cascade mvua ni nyingi. Viatu vyenye meno vinatosha, fimbo ni hiari. Maji beba ya kutosha kwenda na kurudi, maana juu hakuna bomba wala kijito.

Kwa sababu kilima hakizidi sana mita 500 kutoka usawa wa bahari, unaweza kukipanda karibu mwaka mzima, hata majira ambayo vilele vya jirani vimefunikwa na theluji. Ila chagua siku ya anga kavu. Mawingu yakishuka, utapanda ngazi zote zile ukatazame weupe mtupu.

Kabla hujafika, inafaa ujue minara hii ilitoka wapi, maana usipojua utaona kibanda tu juu ya nguzo. Idara ya Misitu ya Marekani, Forest Service, ilianzishwa mwaka 1905. Miaka mitano baadaye, Agosti 20 na 21, 1910, upepo mkali ulichochea na kuunganisha mioto mingi iliyokuwa ikiwaka katika majimbo ya Idaho na Montana na mashariki mwa Washington. Kwa siku mbili ziliteketea ekari zipatazo milioni 3, na watu zaidi ya 80 wakafa, wengi wao wakiwa wale waliopelekwa kuizima. Idara ikatoka hapo imeapa kuuwahi moto ungali mdogo, na huwezi kuwahi usichokiona. Ndipo minara ikaanza kuota vileleni. Kati ya 1933 na 1942, vijana wa Civilian Conservation Corps, mpango wa serikali wa kuwapa kazi wasio na ajira, walijenga mingi zaidi pamoja na njia za kuifikia na nyaya za simu. Kibanda cha aina iliyoenea sana kilikuwa na futi 14 kwa 14, madirisha pande zote nne. Mbao zake zilikatwa kwa vipimo bondeni, zikafungwa mafurushi, nyumbu wakazibeba hadi kileleni.

Na si kazi ya wanaume peke yao. Mwaka 1913 Hallie Daggett aliajiriwa kulinda kituo cha Eddy Gulch, katika msitu wa Klamath huko California, akawa mwanamke wa kwanza kuajiriwa na Forest Service kwa kazi hiyo. Alirudi kileleni kwake msimu baada ya msimu.

Sasa panda ngazi. Wageni wa mchana hufika kwenye roshani iliyo chini ya kibanda. Kibanda chenyewe hukodishwa kwa wanaotaka kulala, na aliyelipia ni mwenye nyumba kwa usiku huo. Usimchungulie wala usimgongee. Kama una kizunguzungu cha urefu, shika kishikio cha ngazi, tazama ubao ulio mbele yako, na pumzika kila kituo. Mnara ukitikisika kidogo kwa upepo, hiyo ni hali ya kawaida ya mnara wa mbao.

Upande wa kusini, ng'ambo ya bonde, Mount Index umesimama kama ukuta, karibu mita 1,800, na Mount Persis kando yake. Tafuta mstari mweupe katikati ya miti: hayo ni maporomoko ya Bridal Veil. Kila mtu hutazama hapo. Ukishatazama, anza kazi.

Nilipompeleka shangazi yangu, alikaa kwenye ubao wa roshani, akafungua chupa yake ya chai, akauliza, "Mwanangu, yaani mtu alikuwa anakaa humu kiangazi kizima anatazama miti?"

"Ndiyo, shangazi."

"Na analipwa?"

"Analipwa."

"Basi hiyo kazi mimi ningeiweza." Dakika chache baadaye akanyosha kidole bondeni. "Ule si moshi ule?"

Ulikuwa ukungu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, jua likapiga, na vipande vya mvuke vikawa vinanyanyuka kutoka mabondeni kama watu wanapika. Jambo hili liliwasumbua walinzi halisi pia, na kuvitofautisha ndiyo burudani kubwa kuliko zote za mnara huu. Ukungu huhama. Hujikokota kwenye mteremko, hugawanyika, na jua likipanda hutoweka. Moshi una shina: chini haubanduki, juu ndiko unakopinda na upepo, na rangi yake aghalabu huelekea buluu au kijivu. Vumbi la gari kwenye barabara ya msituni husafiri kufuata barabara. Mlinzi mzuri hakukurupuka kupiga simu, alikikazia macho kile kitu dakika kadhaa aone kinakwenda wapi.

Walikuwa na utaratibu. Gawa mandhari vipande, anza karibu na mnara ukienda mbali, safu ya mlima kwa safu ya mlima, kisha sogea kipande kinachofuata. Pitisha macho matupu kwanza, darubini baadaye. Siku mbili tatu baada ya radi walikuwa makini zaidi, maana mti uliopigwa huweza kufukuta kimya kimya kabla moshi haujatokeza juu ya majani.

Wakiuona moshi, chombo chao kilikuwa Osborne Fire Finder, kilichobuniwa na William Osborne wa Forest Service mwanzoni mwa karne ya 20. Ni meza ya duara yenye ramani, na kituo cha mlinzi kiko katikati kabisa ya ramani hiyo. Kuizunguka kuna pete iliyoandikwa nyuzi 360. Juu ya pete kuna vilengeo viwili vinavyotazamana: upande wako tundu jembamba, upande wa pili unywele wa farasi uliosimamishwa wima. Unazungusha mpaka unywele uukate moshi, unasoma nyuzi, unapiga simu. Mnara mmoja unatoa mstari tu. Mnara wa pili ukitoa mstari wake, mistari inapokutana ndipo moto ulipo.

Hili unaweza kulifanya mwenyewe, na watoto hulipenda kuliko picha zote. Beba ramani ya karatasi na dira. Ilaze ramani, ielekeze kaskazini, tafuta mlipo, kisha kila mmoja achague kilele na akitaje jina kwa kutumia nyuzi alizosoma. Simu yenye ramani itawapa jibu upesi mno, iacheni mfukoni.

Na ukiona moshi wa kweli? Piga 911, namba ya dharura ya Marekani, taja barabara, kilele kilicho karibu na uelekeo kwa dira, uambie pia saa uliyouona mara ya kwanza. Si jambo la kufikirika. Septemba 10, 2022, moto wa Bolt Creek ulianza katika bonde hili hili, ukala karibu ekari 15,000 na kuifunga barabara kuu namba 2. Ukiendesha gari kutoka Index kwenda Skykomish utaiona miti iliyobaki imesimama, imekufa. Kwa hiyo kuanzia Julai hadi Septemba, kabla ya kutoka nyumbani, angalia matangazo ya msitu wa Mt. Baker-Snoqualmie, ambamo Heybrook imo, kuhusu njia zilizofungwa na makatazo ya moto. Siku ambayo moshi umejaa bondeni, baki nyumbani. Kifua chako hakihitaji mandhari ya namna hiyo.

Radi ikisikika hata kwa mbali, shukeni mnarani mara moja. Walinzi wa zamani walibaki juu, lakini kibanda chao kilizungushiwa nyaya nene za kupeleka umeme ardhini, na wao walisimama au kukaa juu ya kigoda chenye miguu ya glasi, isiyopitisha umeme. Wewe kwenye roshani ya wazi huna kigoda.

Anayenogewa huniuliza aende wapi baada ya Heybrook. Mount Pilchuck una kibanda cha walinzi kwenye urefu wa mita 1,600 hivi, na hatua za mwisho ni mawe makubwa na ngazi ya kusimama. Ila usiende mwezi Mei kwa kudhani joto la bondeni liko na kileleni. Huko theluji hukaa hadi kiangazi, hufunika njia, na watu hupotea wakati wa kushuka. Subiri Agosti, anza saa moja asubuhi, na darubini usiisahau.