Bega haliamki kwa kukata pumzi

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 36, nalima korosho Newala. Mwezi wa pili nilianguka na pikipiki, nikaangukia bega la kulia. Eksirei ilionyesha mfupa mzima. Nafanya mazoezi ya kunyanyua mkono kwa tyubu ya baiskeli, na kijana wa jimu kaniambia nibane tumbo mpaka pumzi ikatike, eti ndiyo misuli ya bega iamke. Nabana, lakini bega linapanda hadi sikioni. Nizidishe? Msimu wa kupulizia salfa umekaribia, na jirani ananihimiza niende kwa mzee wa kuchua.

JIBU: Marahaba. Usizidishe, punguza. Hii "bana tumbo" naikuta kila wiki hapa Mtwara, na inanichosha kwa sababu nusu yake ni kweli. Tumbo hutangulia mkono. Mwaka 1996 Hodges na Richardson wa Australia walionyesha kuwa kwa mtu asiye na maumivu ya kiuno, msuli wa ndani kabisa wa tumbo hukaza kabla mkono haujanyanyuka. Lakini hukaza wenyewe, bila mtu kuamrishwa abane. Ukikata pumzi unapandisha presha bure, mbavu zinakakamaa, na shingo inadandia kazi isiyo yake.

Bega lako linapanda kwa sababu misuli inayozungusha bapa la bega, ule mfupa mpana wa mgongoni, haifanyi kazi yake. Mkono ukienda juu kabisa, karibu thuluthi moja ya mwendo ni ya bapa hilo. Lisipozunguka, msuli wa shingo hulivuta lote juu.

Tyubu iweke kando kwanza. Simama mbele ya ukuta, viganja usawa wa kifua, viwiko vimenyooka. Bila kuvikunja, sukuma ukuta mpaka mgongo wa juu urudi nyuma, kisha legeza taratibu. Hesabu kwa sauti huku ukisukuma. Sauti ikikwama, umebana kupita kiasi.

Linalonitia hofu zaidi ni hiyo eksirei. Inaonyesha mfupa, lakini kano, zile kamba zinazoshikiza msuli kwenye mfupa, haizionyeshi. Nyanyua mkono wa kulia kwa kuusaidia na wa kushoto. Ukifika juu kwa msaada lakini peke yake hauendi, huenda kano imechanika au neva imeumia. Rudi hospitali, uliza kuhusu ultrasaundi. Mashine ya salfa, na lile bomba la kuelekeza juu mikorosho, mwachie mwingine mwaka huu.

Kwa mzee wa kuchua usiende, na hili nawaambia wote. Nimepokea watu waliovutwa mkono "kurudisha bega" bila picha yoyote, wakafika kwangu hawahisi hata ukiwagusa ngozi ya nje ya bega. Hapo neva imeshaguswa. Bega likiteguka, funga mkono kwa kanga ukae karibu na kifua, mgonjwa afike hospitali siku hiyohiyo, na asivutwe na mtu yeyote njiani.