Katalogi Inasema Kipo, Rafuni Hakipo

Mwanafunzi anafika kaunta na kikaratasi mkononi: kompyuta inaonyesha kitabu kipo, yeye rafuni hakioni. Wazo la kwanza ni kwamba kimeibwa. Sisi tuliofanya kazi ya ukutubi vyuoni hadi kustaafu tunajua kwamba mara nyingi kitabu cha namna hiyo kimo humo humo maktabani, tena si mbali na mahali pake. Kinatakiwa kutafutwa kwa mpango.

Anza na namba ya kitabu, ile inayoonyesha mahali pake rafuni. Inakili yote kama ilivyo kwenye katalogi, mpaka mstari wa mwisho, pamoja na herufi au neno lolote lililoitangulia. Maelezo hayo ya mbele ndiyo yanayokuonyesha chumba: rejea, mkusanyiko maalumu, tasnifu, au vitabu vinavyoazimwa kwa saa chache tu. Ukiyaacha, utasimama mbele ya namba sahihi katika chumba kisicho chake, na hata ukikesha hapo hukipati.

Kinachopoteza watu zaidi ni desimali. Maktaba nyingi hupanga vitabu kwa somo, kila somo na namba yake, kwa mfumo wa Dewey, uliochapishwa mara ya kwanza mwaka 1876. Vyuo vikuu vingi hutumia ule wa Maktaba ya Bunge la Marekani. Kwenye Dewey, kilicho baada ya nukta husomwa tarakimu moja moja. Kwa hiyo 330.118 hutangulia 330.12, na 330.12 hutangulia 330.9. Anayeisoma 118 kama mia moja kumi na nane ataipita sehemu yake, aende mbele kabisa, kisha aandike kwamba kitabu kimepotea. Mfumo wa Maktaba ya Bunge una kanuni mbili ndani ya namba moja: tarakimu zinazofuata herufi za mwanzo husomwa kama namba nzima, ndiyo maana QA9 iko kabla ya QA76, lakini ukivuka nukta unarudi kwenye desimali, kwa hiyo QA76.73 iko kabla ya QA76.9, na .C45 iko kabla ya .C5. Hata vibarua wapya wa maktaba hukosea hapa, na kila wanapokosea wanazaa kitabu kingine "kilichopotea".

Ukishafika mahali penyewe na kukuta majirani wapo ila chako hakipo, usiondoke. Soma lebo za rafu nzima, kisha rafu ya juu yake na ya chini yake. Msomaji anayerudisha kitabu mwenyewe kwa kawaida hukumbuka safu aliyokitoa, hakumbuki rafu. Halafu ingiza mkono nyuma ya vitabu. Vile vyembamba husukumwa ndani na vinene, na kama rafu ina pande mbili bila ubao katikati, hutokea upande wa pili. Zunguka ukaangalie huko. Kumbuka pia kwamba kitabu chembamba hakina mgongo wa kubeba lebo, kwa hiyo lebo yake iko kwenye jalada la mbele. Kivute kidogo ndipo uione. Kikiwa kikubwa kupita kimo cha rafu, huenda kimelazwa chini au kina sehemu yake ya vitabu vikubwa.

Hukukiona? Geuza tarakimu. Macho ya mtu aliyechoka hubadilishana tarakimu mbili zilizo jirani bila yeye kujua. Kitabu cha 327.6, uhusiano wa kimataifa wa Afrika, huishia 372.6 kwenye ufundishaji wa lugha kwa watoto wa shule za msingi, na hapo hakuna mwanafunzi wa siasa atakayepita. Jaribu michanganyiko miwili mitatu ya namba yako. Ni dakika chache, na hulipa kuliko watu wanavyotarajia.

Baada ya hapo nenda kwenye toroli. Kitabu kinaporudishwa na msimbo wake kusomwa kaunta, katalogi huandika papo hapo kwamba kinapatikana, ingawa bado kimelala kwenye toroli kikisubiri kupangwa. Siku za kawaida ni saa chache. Msimu wa mitihani inaweza kuwa siku kadhaa. Waulize wahudumu vitabu vilivyorudishwa karibuni viko wapi, na uruhusiwe kuvitazama. Pitia pia meza za karibu na mashine ya fotokopi.

Msimu huo huo wa mitihani ndio wa kuficha vitabu, na jambo hili linauma, kwa sababu nakala moja inaweza kuwa inategemewa na darasa zima. Anayeficha anataka akirudi akikute, kwa hiyo hakipeleki mbali: hukigeuza mgongo ndani, hukiweka juu kabisa ya kabati, au hukipenyeza kwenye somo lisilo na wasomaji kwenye ghorofa hiyo hiyo. Ukigundua kitabu cha kozi yenu kinatoweka kila wiki, mwambie mhadhiri aombe kiwekwe kaunta kiazimwe kwa saa. Maktaba hulikubali ombi hilo haraka likitoka kwa mhadhiri.

Ukimaliza kusoma, kiache mezani au kwenye toroli, usikirudishe rafuni. Wanaosikia ushauri huu hudhani ni uvivu wa wahudumu. Sababu ni mbili: kilichokosewa kwa rafu moja tu hakionekani tena mpaka mtu apite akisoma lebo zote, na maktaba nyingi huhesabu vitabu vilivyoachwa mezani kama matumizi ya ndani, hesabu inayosaidia kuamua nakala zipi ziongezwe.

Kwa mnaofanya kazi humo: usomaji wa rafu, yaani kupitia lebo moja moja kuona kama kila kitabu kiko mahali pake, ufanyike asubuhi, kwa vipindi vya nusu saa hivi, si zaidi, maana baada ya hapo jicho linapita juu ya makosa. Soma kwanza mstari wa juu wa lebo zote za rafu moja, kisha rudia mistari ya chini. Mkichanganya vyote kwa mpigo mmoja mtaona makosa makubwa tu. Msijaze rafu kupita robo tatu. Ikijaa pomoni, msomaji hushindwa kukirudisha kitabu kwenye pengo lake, hukilaza juu ya vingine, na mwingine hukivuta kwa kidole kwenye ncha ya juu ya mgongo hadi jalada linachanika. Njia salama ni kuwasukuma majirani wawili ndani kidogo, kisha kukishika katikati ya mgongo. Na lebo inayobanduka ibadilishwe siku hiyo hiyo, maana kitabu kisicho na lebo hakuna anayejua kwake ni wapi.

Yote hayo yakishindikana, jaza fomu ya kutafutiwa na uandike namba kamili, kichwa, na mahali ulipokwisha kuangalia. Omba utafutaji urudiwe baada ya wiki, na tena baada ya mwezi, kwa sababu vingi hujitokeza wakati wa kupanga upya. Wakati huo uliza toleo jingine au nakala ya kuazimwa kutoka maktaba nyingine. Pia sisitiza kwamba hali yake ibadilishwe kwenye katalogi, ili anayekuja baada yako asipoteze mchana wake mbele ya rafu ile ile.