Usimpe mama mwenye presha aiskrimu ya salmiakki

Dada, usinunue huo mkebe. Umesema unatoka Nairobi kwenda Helsinki kusomea uuguzi, kwamba mama yako mwenye presha atakutembelea majira ya kiangazi, na kwamba utamkaribisha kwa aiskrimu nyeusi ya salmiakki, ladha ya Kifini yenye chumvichumvi, kwa kuwa umeambiwa haina madhara kwa mtu yeyote. Hilo la mama ndilo lililonikosesha usingizi.

Nilipokuwa nikiishi huko, mama mkwe wangu alikuja kututembelea akiwa na dawa zake za shinikizo la damu, mojawapo ikiwa ya kupunguza maji mwilini. Mkenya mwenzetu aliyekuwa amekaa kule miaka mingi alituapia kwamba salmiakki ni chumvichumvi tu ya kuchangamsha ulimi, na sisi tukamwamini kama mwenyeji anavyoaminiwa. Mama aliipenda. Akawa anakula aiskrimu hiyo kila jioni, na mchana anatafuna peremende za jamii hiyo hiyo, mpaka vifundo vya miguu vikavimba, kichwa kikawa kinamuuma kila asubuhi, na kipimo chetu cha presha kikawa kinapanda ilhali hakuwahi kuruka dawa. Daktari aliyempokea alimuuliza, kabla ya jambo jingine lolote, kama anakula lakritsi, yaani vitu vyenye mzizi wa urukususu. Damu ilipopimwa, madini ya potasiamu yalikuwa yameshuka vibaya. Tulilipia matibabu, tukalipia vipimo vya kurudia, tukalipia na kubadilisha tiketi ya ndege, lakini gharama iliyoniuma zaidi ni hofu niliyoiona machoni pa mke wangu.

Salmiakki yenyewe ni kloridi ya amonia, aina ya chumvi, ila mara nyingi huchanganywa na mzizi mtamu wa mmea wa urukususu, ambao Wafini huuita lakritsi. Mzizi huo una kiambato kiitwacho glisirizini, na ikiliwa mara kwa mara huzuia kimeng'enya kinachoifanya homoni ya kortisoli itulie ndani ya figo, hivyo mwili ukashikilia chumvi na maji, ukamwaga potasiamu, na presha ikapanda. Anayetumia dawa ya kupunguza maji huumia zaidi, kwa sababu dawa nyingi za aina hiyo nazo hutoa potasiamu. Umoja wa Ulaya unalijua jambo hili: peremende zenye gramu 4 au zaidi za asidi ya glisirizini kwa kila kilo lazima ziandikwe onyo kwa wenye shinikizo la damu. Aiskrimu inayochotwa kibandani na kutiwa kwenye koni haikufikii na karatasi yoyote ya maelezo.

Ndiyo maana nasema, na nitalisema tena kwa kila anayehamia kule: jua kwanza ni kitu gani kilichotia ladha, kisha ndipo uchukue kijiko. Kwenye mkebe wa dukani maandishi huwa ya Kifini na Kiswidi, kwa hiyo tafuta lakritsi au lakrits. Kibandani muulize mwuzaji, na asipojua, chagua nyingine.

Yule Mkenya mwenzetu nilipompigia simu alinijibu kwamba Wafini huila tangu utotoni na hawafi. Hakuuliza mgonjwa anaendeleaje. Mtu anayetegemewa na wageni wasiojua lugha ya nchi hana haki ya kuwahakikishia usalama wa kitu ambacho hajawahi kusoma hata mfuniko wake, na mpaka leo sijaridhika na jibu lile.

Wewe mwenye afya onja salmiakki, maana ladha yake hutaikuta kwa urahisi Nairobi. Mama mchukulie ya stroberi, au ya lakka, tunda la rangi ya dhahabu linalomea kwenye vinamasi vya kaskazini. Kama mkebe mweusi umekwisha kununuliwa, umalizeni wewe na wenzako kabla ndege yake haijatua, kwa sababu akiukuta ndani ya jokofu atataka kuonja, nawe utaona haya kumkataza.